Ukurasa Ulioupiga Mistari

Mwaka umekatika, Mwalimu, tangu asubuhi ile uliposema unapumzika kidogo kitini, usiinuke tena. Tunakuandikia sisi wa nyumbani, na kalamu ninayo mimi mkeo, kwa hiyo ukisikia kelele ujue ni zile zile.

Chuoni ulikofundisha hesabu walikufahamu kwa upole. Hukumcheka mwanafunzi hata mmoja. Sisi tulikufahamu kwa wizi: mimi fundi cherehani nilikosa chaki za kuchorea vitambaa, na kifuniko cha sufuria hakionekani jikoni, kumbe unacho wewe, unachorea miduara. Nikija juu unasema, "Mama Watoto, kaa nikuonyeshe." Haya, nakaa. "Kila nukta ya ndani ya duara naihamisha, ila humo humo, hakuna kutoka. Nikirudia na kurudia, zote zinaelekea sehemu moja. Sasa natafuta fomula ambayo ukiipitisha kwenye uhamisho huo inabaki ile ile, imezidishwa tu kwa namba fulani." Nikakujibu, "Basi fomula yenyewe ni wewe. Miaka thelathini uko vile vile, umezidi tumbo tu." Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Ulitangaza umezipata fomula hizo zote, ukasifiwa kweli kweli. Halafu ukagundua kosa, wewe mwenyewe: ulidhani ile sehemu nukta zinakoelekea lazima iwe ndani ya duara, kumbe yaweza kuwa ukingoni kabisa, na hapo hesabu yako haishiki. Hakuna mwingine aliyekuwa ameliona. Binti yetu mkubwa akasema, "Baba, si unyamaze tu, nani atajua?"

"Mimi najua," ukasema, na siku hiyo hiyo ukaliandikia jarida lililokuchapisha, ukakiri kosa. Tulikuonea fahari, sijui kwa nini hatukukwambia.

Miaka saba ukahangaika na ukingo huo. Hukujiamini tena. Ulichoandika leo, kesho umekifuta. Nami, Mungu anisamehe, nikawa nakwambia, "Achana nayo, baba, imekushinda."

Mwezi uliopita mwanafunzi wako wa mwisho, yule mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima, alirudisha daftari lako tulilomwazima. Safari hii hakucheka. Alifungua ukurasa ulioupiga mistari miwili, akasema, "Mama, hapa Mwalimu alikuwa ameshaumaliza ule ukingo. Nimeukagua miezi mitatu. Hakuna kosa."

"Mbona aliufuta?"

"Aliogopa kukosea tena."

Nililia, sikufichi. Haikukushinda, mume wangu. Ulikuwa umeshapata, na badala ya kukutia moyo nikakuambia uache. Nisamehe. Makala anayoiandika itatoka, na jina lako litatangulia lake.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti zetu wawili na waume zao, wajukuu wako watano, dada yako, na huyo mwanafunzi ambaye sasa anakula hapa kila Jumapili. Hututoki moyoni, leo wala kesho.