Ziwa la Kwenye Ramani

Kaka Anastasio,

Mama mzima, ila kanisusa. Chipa, ile mikate yake ya jibini, anazooka anawapa walinzi, mimi Rais hanipi hata kipande.

Leo ni siku ya tatu ya vita. Tangu asubuhi majenerali wanagombania nani atangulie kwenye gwaride. Nimewatimua wote, nikambakiza Jenerali Ovelar. Nikamuuliza, vijana wetu kule vitani, nyika ya Chaco, wanakunywa nini?

“Mheshimiwa, ramani inaonyesha ziwa.”

“Umeliona?”

“Nimeiona ramani.”

Kaka, vijana arobaini wamekufa na adui hajafyatua hata risasi moja. Wameuawa na kiu. Nilipomwambia Mama, akaniuliza tu, “Anayejua visima si ulimfukuza?”

Ulipima nyika ile kwa miguu yako, ukarudi ukasema mbele ya mawaziri kwamba ziwa limekauka, na kwamba mimi ni mpumbavu. Mimi nikasikia hilo la pili tu, nikakuvusha mto kwa mtutu wa bunduki.

Rudi. Boti niliyoituma na barua hii inakusubiri. Njoo na matusi yako yote, nitayasikiliza nimesimama. Lakini kwanza nionyeshe visima.

Ni mimi mdogo wako, yule mpumbavu,
Eusebio