Kwa Nini Pesa za Mahat Zimepungua

Bulla Iftin, Garissa
Machi 1998

Kwa ndugu yangu mdogo Shurie Osob, Mandera.

Assalaam aleikum warahmatullah. Nakusalimu wewe, nakusalimu mke wako Maka, na mwanao mdogo Issack, na yule ngamia jike mwenye hasira kama hajakuuma bado. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mzee. Magoti yanalia, meno yaliyobaki yanajuana kwa majina, na ndevu nimezitia hina tena juzi, kwa hiyo nikiwa mbali bado naonekana mtu wa kuogopwa. Habari za kwenu? Maji ya mto Daua yamerudi mahali pake? Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, ule muda mfupi kabla mwalimu na mimi hatujachokana. Wewe uliendelea mpaka darasa la saba, basi soma mwenyewe. Usimpe Issack akusomee.

Uliyosema kwenye redio ya taar Ijumaa ile nimeyasikia, walaal, ndugu yangu. Si mimi tu. Kibanda kilikuwa kimejaa watu wanaongoja zamu, na unajua taar haina siri: ukikohoa Mandera, Wajir wanakuombea dawa. Ulisema pesa za mwanao Mahat zimepungua nusu tangu Februari. Ulisema amekuwa mla miraa, anakula jasho la baba yake. Ulisema mwezi ukiisha pesa hazijarudi kama zamani, utamlaani, na Issack utampandisha lori aje kushika nafasi yake kwenye ghala la ngozi. Mwenye redio aliinama akajifanya anatafuta waya. Mimi nikasema nitajibu kwa barua, kisha nikasema ova, maana nalipenda sana hilo neno.

Basi jibu ndilo hili, na uwe na subira. Nikikimbia nitaanguka.

Mwaka jana kabla ya mvua ya Elinino, alikuja ghalani binti mmoja anaitwa Idman. Ni wa huku huku, amesoma Nairobi, sasa yuko ofisi ya takwimu. Alisema anataka kujua mishahara inavyobadilika. Tajiri wetu, unamjua, mtu wa kupenda kusifiwa, akamwambia hapa kwake mambo ni mazuri. Idman akaandika, akaondoka. Akarudi Desemba, wakati mafuriko yamekata barabara na mifugo inakufa. Tajiri akamwambia wastani wa mshahara umepanda. Ilikuwa kweli kabisa. Wiki ile alikuwa ametuachisha kazi sisi wa mshahara mdogo, wafagiaji wote na mimi mpika chai. Tulipotoka, wastani ukapanda. Hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kumletea.

Idman akamwambia, kwa adabu, kwamba wastani akae nao. Anachotaka yeye ni kila mtu na nafsi yake: jana alipata nini, na leo mtu yule yule anapata nini. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwa watu wa ofisi. Alichota chumvi ya kukaushia ngozi, akachora mstari uani. Akasema asiyebadilishiwa mshahara asimame juu ya chumvi. Aliyeongezwa aende upande wa lango, mbali kadiri alivyoongezwa. Aliyepunguzwa aende upande wa ngozi. Mimi nilikuwa nimekuja kudai birika langu, nikakaa kutazama. Watu wengi walisongamana juu ya chumvi kama mbuzi kisimani. Wachache walisogea kidogo huku, wachache kidogo kule. Na mmoja akaenda, akaenda, mpaka akaegemea lango peke yake, meno yote nje. Alikuwa Mahat. Nikamwambia asimame vizuri, watu watadhani anataka kutoroka. Akanijibu kwamba mimi adeer wake, baba mkubwa mzima, nina wivu kwa sababu sina hata mshahara wa kupunguzwa.

Unaikumbuka pesa ya mwezi ule. Uliisifu kwenye taar, ukasema sasa huyu ndiye mwanamume. Hukuuliza imetoka wapi, na mimi sikulaumu, nami nilikunywa chai yake. Biashara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ule ugonjwa wa mifugo, lakini ngozi za mifugo iliyokufa zilikuwa zimelala bure upande wa Ijara. Tajiri alitaka mtu wa kwenda kuzichuna. Wafanyakazi wengine wote walikataa. Mahat alikuwa na mke mwenye mimba, na baba mwenye sauti kubwa redioni, akakubali kwa nyongeza. Ndiyo maana alifika langoni.

Wiki iliyopita Idman alikuja tena. Chumvi tena, majina tena. Akaita Mahat Shurie, umri miaka ishirini na sita. Mtu akaitika, akatembea upande wa ngozi, mbali kuliko wote, mpaka mgongo ukagusa rundo. Mwezi ule jina hilo lilikuwa ncha ya juu, sasa liko ncha ya chini. Idman akasimamisha kalamu. Alikuwa anamfahamu Mahat kwa sura, walikuwa wakitaniana. Na huyu aliyeegemea ngozi ana ndevu nyekundu za hina.

Walaal, huyo ni mimi.

Mahat amekufa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alirudi kutoka Ijara macho mekundu, akalalamika kichwa, akatucheka tulipomwambia alale. Halafu damu ikaanza kumtoka puani na kwenye fizi. Hospitali ilikuwa imejaa wenye homa hiyo hiyo ya mifugo. Ramadhani haikumwacha aione Idi. Tulimzika sehemu ya juu, kwa kuwa makaburi ya chini yalikuwa na maji. Nilimwosha mimi, kwa mikono hii inayoandika. Barabara haikuwepo, na kwenye taar sikuweza. Sikutaka Wajir wamlie mtoto wako kabla yako wewe.

Nilipomwendea tajiri kumwambia, alitoa pole, kisha akasema jina la Mahat lipo, mtu wa nyumbani akitaka kulishika alishike, lakini mzee atalipwa nusu. Fowsiya mkewe yumo ndani, amekaa eda, anangoja kujifungua. Nikalishika. Hiyo nusu unayopokea ni mgongo wangu, na kama ni ndogo, mtukane mwenye mgongo.

Idman alinivuta kando. Akasema, adeer, nifanyeje na wewe. Nikikuandika kuwa ni Mahat, basi Mahat ndiye aliyeshuka kuliko watu wote wa ghala hili. Nikiandika amekufa, anatoka kwenye mstari, hayumo kwenye waliopanda wala walioshuka, na tajiri wako ataonekana hajampunguzia mtu kiasi hicho. Tajiri alikuwa amesimama pale, anachezea funguo. Ningependa sana kumchafulia. Lakini nikamwambia amtoe. Sikutaka mtoto yule aandikwe mahali popote kuwa amepungua.

Na wewe nakuomba hivyo hivyo. Hukupunguziwa na Mahat hata senti moja. Laana usiitamke, na kama umeshaitamka, keti sasa hivi uiondoe, mbele ya watu, kwenye redio ile ile. Yeye hawezi tena kuja kukuomba radhi.

Maka mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, ukiwa umemshika mkono. Fowsiya anawasalimu, hali yake si mbaya, anakula akilazimishwa. Wazee wa msikiti wanakusalimu pia, walisoma khitma, na nilikaa mahali pako. Dereva anayeleta barua hii, Abdihafid, mpe chai na usimuulize kitu, ameapa kutosema.

Ngozi bado zinaletwa. Jana tajiri aliniangalia ninavyobeba, akaniuliza kama nyumbani kwetu hakuna kijana mwingine. Nimemwapia kwamba Mungu alikupa mtoto wa kiume mmoja tu, naye tumeshamzika. Nimeapa uongo, Shurie, na kwa mara ya kwanza sijutii. Issack akishuka kwenye lori hapa, nitakuwa nimeapa bure.

Ni mimi kaka yako,
Duale Osob