Leo Mkaa Hauwashwi

Najat mwanangu,

Nimekwenda Mbweni kwa mama yako mdogo, nitarudi jioni. Samaki wako kwenye bakuli, nimeshawapaka ndimu na pilipili. Chomeka lile jiko la umeme la kubana alilotuletea mjomba wako kutoka Dubai, likipata moto weka samaki, funika. Wala hawahitaji kugeuzwa. Ukimaliza chomoa waya kwanza, ndipo ulifute kwa kitambaa. Usilitie maji!

Asubuhi nimelikuta uvunguni mwa kitanda cha bibi yako mzaa baba, limeviringishwa kwenye kanga. Nilipomuuliza akasema, "Samaki asiyenukia moshi si chakula cha mwanangu." Nikamwambia, "Mama, moshi huohuo ndio ulionilaza hospitali." Akaivuta kanga yake, akaikunja. Baba yako naye akajifanya anatafuta kiatu.

Basi mie nimechoka. Gunia la mkaa nimempa jirani, Mama Afrah, lote.

~~Niombee samahani kwa bibi.~~ Samahani siombi. Mwamkie kwa adabu, mpe samaki mkubwa, umchambulie miiba. Akisusa, baba yako akanunue mkaa, ampulizie moto mwenyewe. Yeye kifua chake kizima.

Mama yako