Mama, Lile Neno la Kuuma Meno

Kilangali, Kilosa

Mama, shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote kabla sijaanza kusema, maana nikishaanza, heshima inaweza kunitoroka njiani. Mnaendeleaje huko Maswa? Lile goti lako linakubeba bado? Kabula, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Soma taratibu mdogo wangu, na usiruke mstari hata mmoja.

Mimi kusema kweli si mzima, ila ninapona. Nimeng'olewa meno mawili, Mama, na yote mawili hayakuwa na kosa lolote.

Ilianza baada ya mavuno ya mpunga mwaka jana. Taya la kulia likawa linauma hadi sikioni, nikipiga miayo linaalika kama kijiti kinachovunjika, asubuhi mdomo haufunguki hata kuingiza kijiko cha uji. Mama mkwe akasema ni minyoo, kwa kuwa nikilala nasaga meno mpaka mwanangu Neema anaamka. Nikanywa dawa ya minyoo mara tatu. Kama minyoo ilikuwepo basi ilikufa, maumivu yakabaki palepale.

Nikaenda Kilosa mjini kwa bwana mmoja aliyefungua chumba karibu na soko. Siku hizi kila kitu ruksa, kila mtu anafungua anachotaka, na yeye kapata koti jeupe la mtumba akaanza kufungua vinywa vya watu. Nikamwambia jino linaniuma. Kosa langu ni hilo neno. Sisi kila kinachouma mdomoni tunakiita jino, na yeye hakuuliza zaidi wala hakunigusa shavu, akashika koleo. Wiki ya pili nikarudi nikiwa na maumivu yaleyale. Akasema basi litakuwa jino la jirani. Akang'oa na la jirani! Angeendelea hivyo mpaka nibaki kibogoyo, nami nikisema asante.

Aliyeniokoa ni Mama Mwanahawa, mwenyeji wa hapa, nyumba yake inapakana na yetu. Aliponiona nimejitanda kanga kwenda safari ya tatu, alinizuia mlangoni. Akasema Mikumi kuna daktari wa meno aliyeisomea kazi yake, akanipeleka mwenyewe.

Daktari ni mama wa makamo. Nilimfungulia pindo la kanga nikampa yale meno mawili, maana nilikuwa nimeyatunza. Akayageuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema ni mazima kabisa. Mama, nililia pale kitini, na si kwa maumivu. Nililia kwa hasira.

Akaweka vidole mbele ya masikio yangu, akaniambia nifungue mdomo polepole, nifunge. Akasema kinachouma si jino, ni kiungo, pale taya linaposhikana na kichwa kama bawaba ya mlango. Misuli yake imechoka kwa kukazwa mchana kutwa, na nikilala naikaza tena. Akauliza nyumbani kuna nini. Nikajibu hakuna kitu.

"Umeuma meno sasa hivi," akasema, kidole chake kikiwa bado shavuni kwangu. "Nani alikufundisha?"

Ni wewe, Mama. Siku mnanisindikiza kituoni ulinishika mkono ukasema, huko kwa watu ukiudhiwa uma meno, mwanangu. Nikauma. Mama mkwe aliponiita mgeni, niliuma. Alipomtoa Neema darasa la tatu akachunge ndama, na baba yake akaangalia pembeni, niliuma mwaka mzima. Nilidhani ndiyo heshima.

Daktari amenipa vidonge vya siku chache, na kipande cha plastiki cha kuvaa kwenye meno ninapolala. Nile vitu laini, nisiguse miwa wala mahindi ya kuchoma, nikande shavu kwa kitambaa cha maji ya moto. Na kutwa nzima nikumbuke: midomo ifungwe, meno yasigusane. Nikaona hilo la mwisho ndilo rahisi. Hebu lijaribu wewe, Mama, na mama mkwe wangu yuko uani.

Siku ya nne aliniagiza nimhimize Neema awahi ndama. Meno yakataka kukutana, nikayatenganisha, na yalipotengana tu maneno yakatoka. Nilipiga goti, nikasema kwa adabu:

"Mama, Neema leo anakwenda shule."

Baba Neema hajanisemesha siku ya tano leo. Lakini Neema yuko shule, na ndama wanachungwa na baba yake. Taya bado linaalika, ila asubuhi vidole viwili vinaingia mdomoni, na daktari anataka vitatu.

Nisalimie Baba, na shangazi aliyenisuka siku ya harusi, na mjomba anayebeba barua zetu kutoka posta.

Nimesikia Kabula anaolewa baada ya mavuno ya pamba. Nimefurahi. Lakini najua siku hiyo utamshika mkono kama ulivyonishika mimi. Nakuomba, Mama, usimwambie neno lile. Tafuta jingine. Ukilikosa, mkumbatie tu, unyamaze.

Kabula, hapo rudia kusoma. Halafu kung'uta bahasha, kuna kitambaa kimefungwa fundo. Ni meno yangu. Mpe Mama mkononi.

Ni mimi binti yenu,
Minza