Nyayo Zilizokoma Katikati ya Ziwa

Ughaibuni, nyumbani kwa Gaudensia
Jumapili ya pili ya Kwaresima

Mke wangu mpendwa, Mama Gaudensia,

Amani ya Bwana ikukute umeketi barazani, jua la Lituhi likiwa mgongoni pako. Hujambo? Macho yameamkaje? Mimi sijambo kwa rehema zake Mungu. Nyonga niliyopasuliwa sasa inanitii, na binti yetu ananitunza kama mboni ya jicho lake. Namwomba dada yangu Skolastika, anayekusomea, asome polepole, asiruke neno.

Huku theluji ingali inaanguka. Haina sauti kama mvua yetu juu ya mabati. Hushuka kama unga unaochekechwa na mtu asiye na haraka, na dunia hunyamaza kama kanisa wakati wa mageuzo ya mkate na divai. Katika ukimya huo nimemaliza kitabu cha mpiga kengele aliyeuawa, kile ninachokusimulia kwa simu kila Jumapili. Mwanzoni nilisita: je, katekista mstaafu asome habari za mauaji? Lakini nimeona riwaya hizi za nchi za baridi zina mafundisho yake. Dhambi hufunikwa na theluji, nayo theluji haikai milele.

Bado nacheka nikikumbuka siku tulipofika pale nyayo za marehemu huyo zinapotoka mlangoni mwa kanisa hadi katikati ya ziwa, kisha zinakoma.

"Baba Gaudensia," ulisema, "huyo kapanda mtumbwi. Hilo nalo la kuitia polisi?"

"Wifi, ziwa limeganda!" Skolastika akadakia.

"Limeganda kama ugali?"

"Kama jiwe!"

"Basi na mtumbwi umegandia humo. Wautafute, waache kumsumbua mjane wa watu."

Hakuna mpelelezi wa huku ambaye angewaza hivyo. Wala sitasema kama ulikosea.

Juzi mchana Gaudensia alinipeleka kwenye ziwa lao. Nilikaa kwenye benchi, nimefunikwa blanketi, nikasinzia. Na ziwa likawa letu, jeupe toka Lituhi hadi ng'ambo ya Malawi. Ulikuwa ukitembea juu yake, beseni la usipa, dagaa wetu, kichwani, wala hukuwa ukipapasa. Nyayo zako zilinyooka kunijia. Nikaamka mashavu yameloa.

Maana Skolastika ameniambia ulilonificha. Umemwaga usipa kando ya kichanja ukidhani unaanika, kuku wakafanya karamu. Na umekataa tena kwenda Mbinga kuondolewa mtoto wa jicho. Eti, "Mungu akitaka nisione, mimi nani nimbishie?" Mke wangu, nimefundisha dini tangu ujana wangu, na hilo sijapata kulifundisha. Mungu huyo huyo ndiye aliyempa daktari mikono. Huo ni woga, nami naujua. Nilipoogopa kisu, nani aliniambia, "Nenda, mzee, acha kutetemeka kama kifaranga"?

Basi, ndani ya bahasha hii mna bahasha ndogo, nimeibandika kwa gundi. Humo nimeandika jina la muuaji, kwa herufi ndogo kuliko zote ambazo mkono wangu unaweza. Skolastika, nilikufundisha Kipaimara, usiifungue. Gaudensia naye nimemkanya. Wala msiniulize kwenye simu. Jina hilo litasomwa na macho ya Mama Gaudensia peke yake.

Nisalimie paroko wetu, umwambie rozari yake inanifaa. Msalimie mdogo wako fundi mitumbwi. Mwulize kama chombo huganda. Wasalimie wanakwaya, hasa yule mama wa sauti ya tatu anayewahi kuanza.

Panda basi la Kitai, ushike la Mbinga. Skolastika atakushika mkono. Ukirudi, bandeji zikiisha kutolewa, keti palepale barazani ufungue. Kisha nipigie, wala usinisalimu kwanza. Taja jina tu. Nitakuwa dirishani nikitazama theluji inavyoyeyuka, nami nitajua kwamba umeona.

Mumeo katika Kristo,
Baba Gaudensia