Esanse ya Mama Goreti

Baraka, Jumapili mchana

Yaya Didier, kaka yangu,

Natumaini kurasa hizi zinakukuta mzima, wewe na wote mnaolala nyumba moja, na kwamba mguu wa Mama umepungua kuvimba. Umeshampeleka kwa daktari, au unangoja upone wenyewe? Sisi huku tunapumua. Kikohozi cha mume wangu kimekwisha, Neema amefaulu mitihani yake, na mvua imekata barabara mara mbili. Mimi bado nafundisha historia katika darasa ambalo nusu ya wanafunzi wanakaa sakafuni. Salamu zimetosha. Sasa kaa chini, kwa sababu nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hunisikilizi. Nikianza sentensi unaimalizia, tena vibaya. Nitazipiga picha kurasa hizi na kukutumia leo leo, usije ukasingizia posta.

Ni juu ya ule ujumbe wa sauti uliomtumia Amisi. Yeye ni dereva uliyemchagua mwenyewe kuendesha pikapu yako, ile inayopeleka mizigo machimboni Misisi na kutulisha sote. Amisi ni mtu mwema, simsemi vibaya. Alikulalamikia kwamba gari linakunywa petroli sana, na kwamba kosa ni la esanse anayotuuzia Mama Goreti. Hukuniuliza mimi ninayeishi hapa. Ulichukua simu ukasema, nakunukuu neno kwa neno kwa sababu mji mzima sasa unalijua: "Mimi hapa Lubumbashi natia esanse ya kituo kimoja tu, na nakwenda wiki nzima. Esanse si maji, kila moja ina nguvu yake. Huyo mama wa kambi mwambieni maji yake ayarudishe ziwani, na yeye arudi alikotoka."

Amisi aliupeleka ujumbe huo katika kundi la simu la madereva. Kutoka hapo ukaenda kwa wapakizi, kwa vijana wa pikipiki, kwa wauza mikate. Sasa Mama Goreti akiweka chupa zake mezani asubuhi, wanamfungulia sauti yako. Sauti yako, Yaya, ile Baba aliyokuwa akiipenda ukisoma kanisani.

Unajua Mama Goreti ni nani? Alikuwa mkulima Burundi. Alikimbia na wanawe, akaishia kambi ya wakimbizi ya Lusenda, na kwa kuwa chakula cha kambi hakitoshi, alikuja Baraka kupanga chumba kidogo na kuuza esanse kando ya parkingi. Wauzaji wa hapa ni wengi. Esanse yao wote inavuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya mapipa, inashushwa ufukweni, na kila mmoja anakwenda kujaza bidoni zake za plastiki kwenye mapipa yale yale. Mama Goreti huchota baada ya jirani yake, na jirani yake mwingine huchota baada yake. Lakini akishaibeba yeye, inageuka jina. Inaitwa "esanse ya kambi". Na inayouzwa Misisi inaitwa "esanse ya Misisi", inauzwa ghali zaidi, na madereva wanaisifu kama dawa.

Nilimwuliza Amisi nguvu hiyo ya Misisi ameionaje.

"Madame, we mwenyewe utaona," akaniambia. "Naenda na esanse ya huyu mama, gari inakula, inakula, mpaka mi nasikia haya. Pa kurudi natia ya Misisi, gari inaruka. Kila safari iko vile vile. Mi sibahatishe."

Hakuwa anadanganya. Ndivyo anavyoona, na ndivyo wanavyoona wote. Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka kuwa fikra, maana nilijiuliza: hiyo esanse ya Misisi inatoka wapi? Misisi ni machimbo, haina ziwa wala bomba. Inapelekwa kutoka hapa Baraka! Inapanda juu ya magari kama hili lako, kutoka mapipa yale yale ya Kigoma. Sasa ni mahali gani barabarani inapopata hiyo nguvu?

Fikiri pamoja nami, wewe uliyesoma hesabu. Gari linaondoka Baraka limejaa sukari, chumvi, sabuni, unga, mabati, kreti za bia, na juu ya yote hayo watu. Linapanda milima ya Fizi kwa gia ya kwanza, linakwama kwenye matope, linasukumwa, linaunguruma saa nzima pasipo kwenda popote. Linarudi na nini? Misisi hurudisha dhahabu, na dhahabu husafiri mfukoni. Gari ni tupu, linateremka kuelekea ziwani, dereva ana hamu ya kufika kwake. Esanse ya Mama Goreti siku zote ndiyo inayobeba mizigo kupanda. Ya Misisi siku zote ndiyo inayorudi na gari tupu. Mmoja anabeba gunia mlimani, mwingine anateremka mikono mitupu, kisha mnawapima nani ana nguvu!

Nilimweleza Amisi. Akatabasamu kwa heshima, kama watu wanavyomtabasamia mwalimu. Basi nikasema, tutabadilisha. Katika safari iliyofuata alirudi na bidoni za Misisi bila kuzifungua, amezinunua mwenyewe kwa muuzaji anayemwamini. Shule ilikuwa imefungwa. Nikavaa buti za mume wangu, nikakaa mbele. Tulikausha tanki, tukatia esanse ya Misisi kwa ajili ya kupanda, na bidoni za Mama Goreti tukazifunga chini ya turubai kwa ajili ya kurudi. Dereva yule yule, gari lile lile, na mizigo kama ya siku zote.

Tulipoipita Fizi gari lilikuwa tayari linaomba kuongezewa. Kabla ya Lulimba tulilazimika kufungua bidoni ya akiba. Amisi alikuwa anachungulia mshale wa tanki kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Madame, hii esanse bamekuuzia mubaya."

"Umeinunua wewe, Amisi."

Akabadilisha gia. Baada ya kilima kingine akasema, "Labda bidoni ilikuwa na maji."

"Uliidondosha kiganjani mwako mbele yangu. Ulisema inakauka vizuri."

"Nilisema."

Tulilala Misisi. Kesho yake tukatia esanse ya Mama Goreti, esanse ya kambi, yale maji yako ya kurudishwa ziwani. Gari likiwa tupu liliteremka hivi hivi, hata mimi nilishangaa, ingawa nilijua. Amisi alianza kupiga mluzi, kisha akajikumbuka akaacha. Karibu na Baraka akaugonga usukani kwa kiganja.

"Madame, leo gari iko inakunywa na kijiko."

"Na esanse ya nani?"

"Aa, Madame. Usinifanye niseme."

Nilidhani tumemaliza. Nilishuka parkingi nimejaa matope hadi magotini, nikawaeleza wote mbele ya meza ya Mama Goreti. Prezida wa madereva alikuwepo, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Unajua alijibu nini?

"Madame, ile esanse ya Misisi ukiishusha huku, inachoka. Imezoea hewa ya kule juu."

"Imechoka? Kwani ilitembea kwa miguu?"

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akasema, "We uko na chaki, sisi tuko na usukani." Nikamwuliza na ya kambi ilipata wapi nguvu ya kuturudisha, ikiwa haina. Akasema ilipata kiti kizuri chini ya turubai! Ndio watu ninaoishi nao, Yaya. Unawaletea ushahidi, wanautafutia kiti.

Hapo nikamgeukia Amisi. Nikamwambia aseme alichokiona. Akavua kofia, akaitazama ndani, akasema: "Mi sikatae. Nimeona. Lakini patron ya gari alisha sema." Na Prezida akapaza sauti: "Munasikia? Patron mwenyewe, mutu ya Lubumbashi, mutu ya kusoma!" Mwisho wa mwezi wanakutana kuamua meza ya Mama Goreti iondoke parkingi, na ushahidi wao mkubwa ni wewe.

Sasa nikujibu na hilo la kituo chako. Nilipokuja kwa msiba wa Baba Mdogo nilikaa kwa wifi dukani nikatazama barabara. Nililiona lori moja la tanki likishusha esanse kwenye kituo chako chenye bango jekundu. Lilipomaliza likavuka barabara na kushusha kwenye kile kituo cha bango la kijani unachokiita cha matapeli. Nilikuambia siku ile ile, ukacheka. Ninajua kwamba kampuni nyingine huchanganya dawa ya kusafisha injini, na huenda injini ikashukuru baada ya miaka. Najua pia kuna injini zinazodai esanse ya daraja la juu. Ya gari lako la huko si mojawapo, nimesoma kitabu chake chote, hata kurasa za redio. Lakini wiki yako nzima haitoki kwenye bango. Inatoka kwenye lami, kwenye safari ya nyumbani hadi ofisini, ukiwa peke yako ndani ya gari na mkoba wako. Njoo upakie bia upande mlima wa Fizi, kisha uniletee hilo bango jekundu tulitie kwenye tanki.

Na sikatai kwamba esanse mbaya ipo. Ipo ya maji, ipo iliyochanganywa na mafuta ya taa, na gari hukohoa mpaka unalionea huruma. Lakini hilo ni kosa la mtu aliyechanganya, na linaonekana: chujio linachafuka, injini inazima. Gari lako halijazima hata mara moja kwa esanse ya Mama Goreti. Anaichuja kwa kitambaa cheupe mbele ya mnunuzi. Wale wanaomcheka hawachuji.

Kinachoniunguza si ujinga. Ujinga ni kazi yangu, nafundisha. Kinachoniunguza ni kwamba hakuna aliyetafuta kosa kwenye mzigo, wala kwenye mlima, wala kwenye magurudumu ambayo Amisi huyaacha nusu hewa. Kati ya vyote hivyo walimtafuta mtu asiye na ndugu hapa, wakaliweka kosa juu ya meza yake. Na wewe, uliye mbali kiasi hiki, ukawapa maneno. "Arudi alikotoka." Nilikwenda kumwomba radhi kwa ajili yako. Aliniuliza jambo moja tu: "Madame, kaka yako ananijua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi si kitu," akaendelea kufuta chupa. Ni kitu, Yaya. Ni kitu kikubwa.

Ninachotaka ni kimoja. Kabla ya mwisho wa mwezi mtumie Amisi ujumbe mwingine, kwa sauti ile ile, bila kuzungukazunguka. Useme ulikosea juu ya esanse, useme gari lako litanunua kwa Mama Goreti, na umwite kwa jina lake. Mimi nimeshasema, lakini hapa sauti yangu ni ya chaki. Wanaamini yako kwa sababu inatoka mbali na ina gari. Ukikataa, gari litaendelea kununua kwake maadamu niko hapa, na ukitaka njoo ulichukue.

Nisalimie wifi yangu Bea, na umwambie vitenge vyake vimefika vikavu. Wasalimie watoto, shangazi yao hajawasahau. Msalimie Mjomba fundi saa, na jirani yenu mama mchungaji aliyenifunga mkanda siku ya msiba. Mume wangu na Neema wanawasalimu wote.

Mama msomee barua hii kwa sauti, asiachwe nje. Na kama ujumbe wa pili unakuwia mzito kuutamka, mfungulie kwanza ule wa kwanza, ausikilize mpaka mwisho, na wewe umtazame usoni.

Ni mimi mdogo wako, mkali lakini wako,

Josephine