Picha ya Elia Kwenye Gazeti la Darasa

Mdogo wangu Zawadi,

Nakusalimu kutoka Rujewa. Joto la huku limenivua sweta ulilonipa. Leo wanafunzi wa marehemu Elia wangu wameniita kuona gazeti la darasa alilowafundisha kulipanga kwenye kompyuta.

Nimekuta ugomvi. Mita ya Luku inalia, umeme unakaribia kuisha, na picha ya mwanangu imejaza ukurasa. Habari ya Kabula, ya ndama wao aliyezama mferejini huko mashamba ya mpunga, imekosa nafasi.

“Itolewe,” kiranja akasema. “Tunamuaga mwalimu, hatuagi ndama.”

“Mwalimu mwenyewe aliniambia niiandike!” Kabula akajibu, machozi yakimlenga.

Wakanigeukia. “Bibi, sema wewe.”

Unakumbuka Elia alivyokuwa akijibana ukutani ukija kulala kwetu, ili upate nafasi kitandani?

“Mpunguzeni,” nikasema.

Kiranja akavuta kona ya picha. Mwanangu akawa mdogo, akazidi kuwa mdogo, nami nikajizuia nisipige kelele. Maneno ya Kabula yakapanda, yakakaa pembeni yake. Karatasi moja ikatoka kwenye printa, kisha umeme ukakatika.

Tumempa Kabula hiyo moja. Yangu watachapa kesho, nitakuletea pamoja na mchele mpya. Elia amebaki mdogo kama stempu ya kadi hii ya posta, Zawadi, lakini anacheka, na mwanya wake unaonekana.

Jifunike vizuri, baridi ya Iringa isikurudishie kikohozi.

Dada yako,
Mama Elia